Kinoa Nyeupe ya Mama Asunta

Kotapata, 22 Agosti 1982

Mdogo wangu Teófilo,

Barua yako imefika kwa mkono wa Hilario wa sufu. Ilinuka vitunguu saumu mpaka Mama akauliza kama siku hizi unaandikia jikoni. Tumekusikia. Umepata shamba bondeni, hatua chache kutoka baharini, unataka kupanda kinoa, nafaka yetu ya milimani, huko, na majirani wanakucheka. Nisikufiche, hata mimi nilicheka.

Mama hakucheka. Siku ya tatu aliniambia nimfungulie mtungi wa mbegu. "Mwanangu amechoka kula wali wa watu," akasema. "Mpe." Amekupa nusu ya mtungi, Teófilo. Nusu! Nilitaka kupiga kelele, nikajiziba mdomo kwa shali.

Ni aina saba, na kila moja ameifunga kwa kitambaa chake. Usivichanganye vitambaa, maana macho ya Mama yamefunikwa na wingu jeupe na sasa kitambaa ndicho jina la mbegu. Nyeupe yake, ile ya supu, imo kwenye kitambaa cha kijani kilichokatwa kwenye sketi aliyoolewa nayo. Nyekundu imo kwenye kipande cha blanketi la marehemu Baba. Nyeusi, ya kijivu, ya manjano, ya waridi na ile ya rangi mbili utazitambua mwenyewe, hujawa mgeni kiasi hicho.

Masharti yake naandika kama alivyoyasema. "Asipande zote. Abakishe konzi moja ya kila aina mahali pakavu, hata akiona ardhi inamchekea namna gani. Na asiuze mbegu. Mbegu yangu ikitoka hapa, hurudi hapa ikiwa mbegu."

Mwezi wa kumi atatupa shambani konzi ya kwanza kwa niaba ya Kotapata nzima, kama kila mwaka tangu bibi afariki. Watu wanasema macho ya Asunta yamelala lakini mkono wake uko macho. Yeye akisikia hivyo hujifanya hajasikia, kisha siku nzima anaimba.

Msalimie mkeo Delia. Mwambie kinoa huoshwa mpaka povu liishe, asije akatupikia sabuni.

Dada yako,
Eusebia Arocutipa

*

Bonde la Tambo, 17 Oktoba 1982

Dada yangu Eusebia,

Mbusu Mama mikono yote miwili. Mbegu zimeota siku ya nne! Siku ya nne, dada. Huko kwetu tungekuwa bado tunaangalia mawingu. Huku maji yanakuja na mfereji kila Jumanne na Ijumaa, unayafungulia kwa jembe nayo yanaingia yenyewe.

Nimezipanda katika vitalu saba, kila aina na chake, nione ipi inaipenda pwani. Nyeusi ina haraka kama mtu anayedaiwa mahali. Nyekundu inanenepa shina. Nyeupe ya Mama ina majani mapana kuliko yote niliyowahi kuyaona, laini, unatamani kuyashika. Asubuhi ukungu wa baharini unashuka mpaka magotini, ukiondoka kila jani lina tone la maji katikati. Ningependa Mama ayaguse.

Jirani yangu don Fermín, mtu wa mpunga tangu kuzaliwa, anakuja kila siku kusimama kwenye tuta. Jana aliuliza, "Teófilo, hayo magugu unayamwagilia kwa makusudi?" Nikamwambia subiri, don Fermín, utakuja na bakuli. Delia naye ananitazama tu. Kwao magugu ya namna hii hupewa sungura. Lakini nilimpikia ile konzi ya kijivu niliyokuwa nayo mfukoni, kwa kamba wa mtoni, akala sahani mbili.

Masharti ya Mama nimeyashika yote. Mwambie mwaka kesho mtungi wake utafurika.

Mdogo wako,
Teófilo

*

Kotapata, 30 Desemba 1982

Teófilo,

Mvua haijaja. Naandika hivyo kwanza ili nisizungukezunguke.

Tulipanda Oktoba. Mama alitupa konzi ya kwanza, tukafukia, mbegu zikakaa kwenye vumbi mpaka zikafa. Novemba kulikuwa na mawingu siku tatu. Tukapanda tena, nusu iliyobaki, kwa sababu mtu akiona mawingu akili inamtoka. Zikaota urefu wa kucha na zikaungua. Mama alikuwa ameweka konzi zake za akiba, akazitoa nazo. Nilimkatalia. Akaniambia, "Watu wananitazama, Eusebia. Nikikaa na mbegu mfukoni watapandaje?" Tukapanda. Hakuna kitu.

Juzi wanaume walishuka ziwani wakakamata vyura, wakawapandisha mlimani ndani ya chungu na kuwaacha juani walie, anga iwaonee huruma. Walilia sana. Mpaka nyumbani tuliwasikia. Jioni waliwarudisha, wawili wakiwa wamekufa, na anga ni ile ile ya buluu.

Wanyama wetu, lama, wameanza kuuzwa kwa watu wa bondeni. Watu wa Ilave wanasema hakujawahi kuwa na ukame wa namna hii. Mtungi wa Mama ni mtupu. Nimeingiza mkono nikazunguka ndani, nikapata punje nne. Yeye hana wasiwasi. Kila anayekuja kulia hapa anamwambia, "Mbegu yetu iko kwa mwanangu. Iko baharini, inakunywa maji."

Kwa hiyo niandikie. Zikoje?

Eusebia

*

Bonde la Tambo, 20 Januari 1983

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Poleni sana. Mama asihofu. Nyekundu imenipita kimo, nilisimama katikati yake jana Delia akanitafuta akiniita. Ya rangi mbili ina masuke marefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko. Wapita njia wanasimama kutazama.

Mbegu zitarudi. Joto ni kali mwaka huu, naandika kwa kifupi.

Teófilo

*

Bonde la Tambo, 9 Aprili 1983

Kompadre Hilario,

Wewe ndiye uliyemsimamia binti yangu kwenye ubatizo, kwa hiyo nakuandikia jambo ambalo Delia mwenyewe analijua nusu. Barua hii isome peke yako, uichome.

Sina mbegu za Mama.

Nyeupe ilikuwa ya kwanza kuondoka. Huku ukungu wa baharini unashuka asubuhi, na ukungu wa majani unaufuata nyuma. Novemba majani yale mapana yaliota madoa ya manjano juu na vumbi la kijivu chini, na katika wiki mbili kitalu kikawa vijiti. Ya waridi na ya manjano zikafuata. Nyeusi ilitoa maua ikiwa bado inafika magotini, ikapata punje chache, njiwa wakazimaliza nilipokwenda kwenye zamu ya mfereji.

Nyekundu na ya rangi mbili ndizo zilizonidanganya. Zilikua, kompadre! Mashina kama ya mti. Zikatoa maua Januari, na unajua mwaka huu bahari imepata homa, wavuvi wanasema wanaoga maji ya chai, na joto hilo likaua maua. Masuke yalikuwa mazuri kwa macho. Machi nikavuna suke, nikalisugua kiganjani, nikapuliza. Lote likaruka. Nikachukua jingine. Makapi. Nilikaa kwenye tuta nikasugua kitalu kizima, suke moja moja, mpaka kiganja kikatoka damu. Don Fermín akapita akasema, "Usijali, kuni nzuri hizo." Hakuwa na nia mbaya. Nilimrushia bonge la udongo.

Ya kijivu peke yake ndiyo iliyozaa, na imenipa punje za kujaza kofia moja.

Na zile konzi za akiba, utaniuliza. Sikuziweka. Niliona shamba pana na maji yanapita, nikasema hizo ni hadithi za nchi kavu, nikapanda zote mpaka ya mwisho, ila ya kijivu niliyoipika. Kisha nikamwandikia dada yangu kwamba masharti nimeyashika.

Sasa sikiliza. Mhandisi mmoja wa kituo cha kilimo amenipa gunia dogo la kinoa ya kusini mwa Chile, ambako watu huipanda mpaka ukingoni mwa bahari. Ni nyeupe yenye umanjano kidogo. Aliniambia mwenyewe, "Hii usiipandishe milimani, haijui jalidi, baridi ile ya kugandisha." Lakini Mama haoni. Nikiifunga kwenye kile kitambaa cha kijani, atakishika na kusema ni yake. Ni kwa mwaka mmoja tu, wasilale njaa. Halafu mimi na wewe tutazunguka vijiji mpaka tuipate nyeupe ya kweli kwa mtu, nami nitaibadilisha bila kelele.

Utanibebea?

Teófilo

*

Ilave, 4 Mei 1983

Kompadre,

Mimi ni mtu wa sufu. Mambo ya mbegu siyaelewi, na barua za kuchoma zinaniharibia chakula. Nimeichoma.

Mwambie. Leo mama yako atakutukana, na kwa kuwa yeye haandiki atakutukana kwa mdomo wa Eusebia, na kwa kuwa Eusebia hakufikii, mimi ndiye nitakayesimama mlangoni nikiyapokea matusi yako. Nimezoea. Yule dada yako amenitukana tangu tukiwa wadogo na bado nina afya njema. Kesho yake watapika viazi vikavu na maisha yataendelea. Watu wa Kotapata wataomba mbegu ng'ambo ya ziwa, wataaibika kidogo, watapanda.

Kile kitambaa sikipendi. Gunia ni gunia, mtu analifungua akiwa na shaka zake. Lakini kitambaa cha Asunta hakuna anayekitilia shaka huku, hata mimi.

Ukilileta mpaka kwenye lori nitalibeba, kwa sababu mimi ni rafiki yako na ni mwoga kama wewe. Lakini mwambie.

Hilario Pilco

*

Bonde la Tambo, 2 Agosti 1983

Dada yangu Eusebia,

Hilario analeta gunia. Ndani kuna nyeupe ya Mama kwenye kitambaa chake, imezaa vizuri. Na ya kijivu, kofia moja. Aina nyingine tano zilipata ukungu, nisameheni, nitajaribu tena.

Nyeupe imekuwa na umanjano kwa sababu ya hewa ya chumvi. Mwambie Mama asishangae.

Mdogo wako

*

Kotapata, 16 Oktoba 1983

Mdogo wangu mpenzi,

Kaa chini usome. Mvua imekuja! Imekuja mapema, ya pole pole, ile inayoingia ardhini bila kukimbia. Na gunia lako lilikuwa limefika.

Mama alikishika kitambaa cha kijani, akakipeleka usoni, akakaa nacho hivyo. Halafu akatia punje ulimini, akatafuna, akasema, "Imesahau uchungu. Pwani imeidekeza." Akacheka. Zile tano alizililia kidogo, nisikudanganye, hasa nyekundu. Lakini nyeupe imerudi.

Habari zikaenea. Wa kwanza kuja alikuwa doña Melchora, jirani yetu wa ukuta mmoja, unamjua na ulimi wake. Hakutumia ulimi siku hiyo. Alipiga magoti mlangoni na sahani tupu. Baada yake wakaja wengine, maana hakuna mtungi wenye kitu kuanzia hapa mpaka mtoni. Mama akamgawia kila mmoja kwa mkono wake, hakuniruhusu nipime. Nimehesabu kaya kumi na moja. Sisi wenyewe tumebaki na kidogo kuliko wote, ndivyo alivyo.

Siku ya kupanda alivaa kofia yake ya sikukuu. Nilimshika kiwiko mpaka katikati ya shamba la jamii, akatupa konzi ya kwanza, na wanaume walivua kofia. Ya kijivu ameipanda peke yake kwenye zizi la mawe nyuma ya nyumba, ananiambia ile ni ya kwake na wewe.

Umetuokoa, Teófilo. Sikudhani nitakuja kukuandikia neno hilo, wewe uliyekuwa ukinitoroka kuchunga kondoo. Kila mtu hapa anakuombea kwa jina.

Dada yako anayejivuna leo,
Eusebia

*

Kotapata, 26 Februari 1984

Teófilo,

Nimekuandikia mara mbili tangu Oktoba hujajibu. Sijui kama mnaumwa. Naandika tena kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Nyeupe ilitoa maua mapema Desemba ikiwa haijafika magotini. Watu walifurahi, wakasema kinoa ya Asunta imejifunza haraka huko pwani. Mama alinishika mkono twende shambani kila asubuhi, akapapasa majani.

Siku nne baada ya sikukuu ya Candelaria, mwanzoni mwa mwezi huu, ikaanguka jalidi alfajiri. Si kubwa. Ni ile ambayo nyeupe yetu huinamisha kichwa na saa nne imeshanyanyuka. Safari hii haikunyanyuka. Saa nne ilikuwa nyeusi na laini kama mboga iliyochemshwa, shamba letu, la Melchora, la jamii, kaya zote kumi na moja. Nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta nikitafuta shina moja lililosimama. Viazi vitatulisha mpaka Juni, labda. Baada ya hapo sijui. Vijana wanaanza kuondoka kwenda migodini.

Kukawa na mkutano. Wakasema mbegu ilikuwa ya Asunta, kitambaa tumekiona sote, jalidi ilikuwa ndogo, kwa hiyo kilichoharibika ni mkono. Unajua maana yake. Wameutoa kwenye upanzi. Melchora ndiye atakayetupa konzi ya kwanza, na Mama haruhusiwi kugusa mbegu, wala kiazi cha kupanda, wala kuvuka shamba la mtu. Wanawake wanaokuja kwetu sasa wanasimama nje na kunisalimia mimi.

Anakaa ukutani na mikono yake chini ya shali kutwa nzima. Hata kijiko hataki kushika, namlisha. Ananiuliza, "Eusebia, nilifanya nini?"

Ile ya kijivu kwenye zizi imesimama. Nitaivuna mimi, nitapata sahani mbili. Hakuna anayeitaka, imepita mkononi mwake.

Wewe umesoma kunishinda, na huko mna wahandisi. Waulize. Kama kuna sababu nyingine yoyote, niandikie neno moja tu niende niwasomee watu. Neno moja, Teófilo. Fanya haraka, Mama hali chakula vizuri.

Eusebia

*

Bonde la Tambo, 20 Machi 1984

Dada Eusebia,

Poleni sana. Nimehuzunika kuliko ninavyoweza kuandika. Wahandisi wanasema mwaka una mambo yake, na jalidi haina mwenyewe. Watu wana njaa ndiyo maana wanasema maneno. Yatapita. Mwambie Mama ale.

Namtumia sukari na samaki wakavu.

Teófilo

*

Kotapata, 3 Juni 1984

Teófilo,

Mama amefariki Alhamisi, asubuhi, ukutani pale pale. Tumemzika Ijumaa. Jeneza lilibebwa na wanaume wa Ilave aliowaleta Hilario, kwa sababu wa hapa walisimama mbali.

Samaki hakuwaonja.

Eusebia

*

Bonde la Tambo, 15 Juni 1984

Dada,

Nyeupe ile haikuwa ya Mama.

Nyeupe ya Mama ilikufa huku Novemba ya mwaka wa kwanza, kwa ukungu. Niliyotuma ilikuwa kinoa ya pwani ya Chile niliyopewa na mhandisi, na aliniambia haiwezi jalidi. Niliifunga kwa kitambaa cha Mama ili asijue. Nilikuwa nimepanda zote bila kubakiza konzi hata moja, na nikakuandikia uongo, na baada ya hapo kila uongo ukaomba mwenzake. Hilario alijua, alinikataza, nikamlazimisha. Usimlaumu yeye.

Ulipoandika kaya kumi na moja, niliketi nikaandika ukweli siku hiyo hiyo. Ilikuwa Novemba, mvua bado inanyesha, labda wangewahi kupanda shayiri juu yake. Nikaitia motoni. Nikaandika tena Desemba. Delia akaiona, akaniambia, "Peleka, au naipeleka mimi." Nikamwambia nimeshaipeleka. Barua yako ya Februari nilikuwa nayo mfukoni wiki mbili nzima. Uliomba neno moja. Nilikuwa nalo. Nikakutumia sukari.

Sijui kwa nini, dada. Hapana, najua. Ulikuwa umeniandikia kwamba kila mtu ananiombea kwa jina. Tangu nizaliwe sijawahi kuandikiwa hivyo, na sikutaka hilo liishe.

Mkono wa Mama haukuwa na kosa lolote. Wasomee watu barua hii. Wakitaka nije, nitakuja. Wakitaka nisikanyage huko tena, sitakanyaga.

Nisamehe ukiweza.

Teófilo

*

Kotapata, 8 Julai 1984

Teófilo,

Nimewasomea. Nilisimama kwenye ukuta wa shamba la jamii Jumapili baada ya misa, nikaisoma yote, hata pale pa Delia.

Ulidhani watakutukana. Hakuna aliyekutukana. Walitazama chini, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakumbuka alichomfanyia. Mume wa Melchora, yule aliyegeuza uso jeneza likipita, alikaa chini katikati ya watu. Melchora mwenyewe alikuja kwangu kesho yake na mzigo wa mavi makavu ya lama ya kuwashia moto, akauweka, akasema, "Mimi ndiye niliyemfunika mikono kwa shali siku ile." Sasa anakuja kila siku na mzigo. Nimemwambia inatosha, kuni ninazo. Anakuja tu, analia, anaondoka. Huyo naye umemwachia hilo la kubeba maisha yake yote.

Wameniomba ya kijivu. Sahani mbili, kaya kumi na moja. Nitawapa, kijiko kwa kijiko. Ndivyo angefanya.

Hilario alifika mlangoni bila kofia. Sikumfungulia. Labda mwaka mwingine.

Unaomba msamaha. Chukua, sina kazi nao. Nina hasira na wewe kiasi kwamba nikiosha vyombo navivunja, na bado nikisikia lori barabarani natazama kama ni wewe. Usije sasa. Nitakuandikia siku utakayoweza kuja.

Kuna jambo nilikuficha Februari. Kwenye ule mkutano mume wa Melchora alisema, "Kwa nini tusimuulize Teófilo? Huenda mbegu iliharibika huko kwake." Watu wengi waliitikia. Nilikuwa nafungua mdomo nikutetee. Mama akanitangulia. Alisimama bila kushikwa, akanyoosha mkono wake mbele yao akasema, "Ni huu. Nimeuhisi tangu siku ya kupanda." Ndipo wakaamua. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uje na sababu yako mwenyewe, bila kusukumwa.

Na siku tatu kabla ya kufa aliniambia nichukue kalamu. Niliandika alichosema, kisha nikaikunja karatasi nikaiweka, nikiona itakuumiza bure na wewe huna kosa. Leo nainakili hapa kama ilivyo:

"Mwambie mwanangu asijilaumu. Watu wakimwambia mbegu yake ilikuwa mbaya, asiwasikilize. Mbegu ya Teófilo ilikuwa nzuri."

Eusebia